Ufinyanzi Usiwekwe Katika "Mengineyo"

Wahenga wetu walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Maana ya methali hiyo tunaijua sote: fundi huwatengenezea wengine vyombo vizima, naye akaridhika na kipande kilichovunjika. Lakini siku hizi methali hiyo imepungukiwa, kwani hata mfinyanzi mwenyewe haonekani. Ingia katika nyumba kumi za mitaa yetu, iwe mjini au shamba, utazame pale palipokuwa na mtungi wa maji, utakuta ndoo ya plastiki. Tazama jikoni palipokuwa na chungu cha mchuzi wa samaki, utakuta sufuria. Kilichosalia ni chetezo cha udi, na hicho nacho, ukimwuliza mwenye nyumba kimefinyangwa na nani, hana jawabu.

Hatuyasemi haya kwa kuililia jana. Sufuria ni nyepesi na haivunjiki, na mama aliyeipokea kwa furaha hakukosa. Tunayasema kwa sababu katika visiwa vyetu wamo vijana wengi waliomaliza skuli na hawana kazi, na wamo wazee wachache wenye kazi mikononi mwao na hawana wa kumrithisha. Baina ya makundi hayo mawili pamekosekana daraja. Kwa maoni yetu daraja hilo linaweza kujengwa katika ua wa nyumba ya kawaida, kwa gharama isiyomtisha mtu wa kipato cha chini. Tumeanza kulijenga kwetu, na leo tunapenda kuwaeleza wananchi na viongozi yale tuliyoyaona, mazuri na mabaya.

Kwanza ifahamike kwamba ufinyanzi si jambo geni lililoletwa na watalii. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba Unguja Ukuu, Ras Mkumbuu na kwingineko katika mwambao huu huitambua miji ya mwanzo ya Waswahili kwa vigae vyake. Vipo vigae vya vyombo vya Ghuba na vya China vilivyokuja kwa majahazi, na ndivyo watu hupenda kuvitaja. Lakini sehemu kubwa kabisa ya vigae hivyo ni ya vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa, vingine vikiwa na nakshi ya pembetatu iliyochorwa shingoni, kazi ya baina ya karne ya 7 na ya 10. Mabakuli ya kigeni yalitiwa kutani misikitini na makaburini yakawa pambo. Chungu cha mwenyeji ndicho kilichopika wali. Sisi tuliokalia jamvi la chuoni tangu utotoni tulifunzwa pia kwamba asili ya mwanadamu ni udongo, na Surat Rahman inaufananisha udongo huo na ule wa mfinyanzi. Kazi yenye heshima kama hiyo haikustahili kuachwa ikafa kimya kimya.

Nyumbani kwetu jambo lilianza kwa shangazi yetu. Alikuwa mfinyanzi tangu ujana wake, na kwa miaka mingi vyungu vyake viliuzwa kila msimu wa kupika daku na futari. Baadaye wanunuzi walipungua, magoti yakamuuma, akaacha. Binti yetu, aliyemaliza kidato cha nne bila ya kupata nafasi ya kuendelea, alikuwa akikaa nyumbani akingoja. Siku moja tulimkuta anamwuliza bibi yake namna ya kuziba ufa wa chetezo, naye bibi anamweleza kwa mikono, kwa furaha tusiyoiona usoni mwake kwa muda mrefu. Tukaona kwamba kusubiri zaidi ni dhambi. Tukaamua kuufanya ua wetu kiwanda.

Neno kiwanda lisimtishe mtu. Chetu ni banda la futi 12 kwa 10, lililoezekwa makuti na kuachwa wazi pande mbili. Mahitaji ya banda la mfinyanzi ni manne. La kwanza ni kivuli, kwani chombo kibichi kikipigwa na jua la moja kwa moja hukauka upande mmoja kabla ya mwengine, na hapo ndipo kinapopasuka. La pili ni upepo wa wastani, ili vyombo vikauke taratibu bila ya kupeperushwa unyevu wake kwa ghafla. La tatu ni maji, na pahala pa kuyamwaga. Maji ya udongo yasimwagwe kabisa karoni, kwani udongo hutuwama na kuganda, ukaziba mfereji wa nyumba nzima na wa jirani. Sisi tuliweka pipa: maji machafu humwagwa humo, udongo hushuka chini, maji safi hutumiwa tena, na udongo hurejea kazini. La nne ni sakafu ya saruji inayoweza kuoshwa, na sababu yake tutaieleza mbele.

Vifaa vya mwanzo havikuhitaji duka. Kifuu cha kukwangulia, kombe la pwani la kulainishia, gunzi la muhindi la kutilia nakshi, kokoto laini ya kusugulia mpaka chungu king'are, kitambaa chakavu, ndoo tatu, chekeche, na magunia ya kufunikia udongo usikauke. Kwa mbao kuukuu tulipiga rafu za kuanikia. Gharama yetu kubwa ilikuwa ni saruji na makuti.

Ama udongo, hapo ndipo tulipopata somo letu, na kosa lilikuwa letu wenyewe. Shangazi alituelekeza kwenye shimo la zamani bondeni, kwenye kinamo, mwendo wa saa nzima kwa gari la ng'ombe. Sisi, kwa ujuaji wa watu waliosoma, tukaona udongo mwingine karibu na pwani, mwekundu na unaonata vizuri, tukausomba huo. Shangazi aliuchukua kidogo, akausugua baina ya vidole viwili, akasema, "Mwanangu, huu una mawe ya chokaa. Utakutii mkononi, utakutii motoni, halafu utakusaliti ndani ya nyumba." Hatukumsikiliza. Tulifinyanga vyungu 22, tukavichoma, vikatoka vizuri mno. Tulivipanga barazani tukawaita majirani waje kuvitazama. Siku ya tatu chungu cha kwanza kilibanduka kigamba ubavuni, na ndani ya kigamba kukaonekana nukta nyeupe. Ilipofika siku ya kumi vyungu 17 vilikuwa vimekatikakatika, na vyengine vimesambaratika kabisa.

Mtu wa visiwani hahitaji kuelezwa sana sababu yake, kwani sote tumeliona tanuu la chokaa. Mawe ya matumbawe yakichomwa, joto likipita digrii 800 hivi za Sentigredi, hugeuka chokaa isiyozimwa. Chokaa hiyo ikipata maji huchemka na kuvimba. Sasa chukua punje ndogo ya tumbawe iliyojificha ndani ya ubavu wa chungu. Motoni inakuwa chokaa. Chungu kikitoka, punje hiyo hunyonya unyevu wa hewa polepole, siku hadi siku, ikavimba mahali pasipo nafasi ya kuvimba, ikabandua udongo ulioizunguka. Mvuke wa bahari uliotuzunguka huifanyia haraka kazi hiyo. Dawa yake ni moja ya tatu: kuchagua udongo usio na chokaa, au kuuyeyusha udongo majini na kuuchuja kwa chekeche laini sana, au kuuchoma kwa joto la chini lisiloifikisha punje kwenye hali ile. Dawa ya kwanza ndiyo bora, na shangazi alikuwa nayo kabla ya sisi kuijua sababu. Tulirudi bondeni na gari la ng'ombe, tukiwa na adabu zaidi.

Tangu hapo hatufinyangi udongo wowote bila ya kuujaribu. Kwanza tunasokota mche mwembamba na kuuzungushia kidole: ukivunjika, udongo una mchanga mwingi. Pili tunatengeneza kibao na kukitia alama mbili zilizoachana kwa sentimita 10, kisha tunapima tena baada ya kukauka na baada ya kuchomwa, tukajua udongo unasinyaa kiasi gani. Unaosinyaa mno huchanganywa na vigae vilivyotwangwa na kuchekechwa, kwani kigae kimeshapita motoni na hakisinyai tena. Hivyo hata vyungu vyetu 17 vilivyokufa tungependa kusema vilifufuka katika vyungu vipya, lakini shangazi alikataa katakata: vigae vyenye chokaa alitaka vitupwe mbali, tukavitupa.

Wapo wanaodhani kwamba bila ya gurudumu hakuna ufinyanzi wa maana. Si kweli. Shangazi hana gurudumu. Yeye huuzunguka mwenyewe mtungi wake, akipandisha miviringo ya udongo mmoja juu ya mwengine, na mtungi hutoka duara kana kwamba umepimwa. Huko Nigeria aliishi mama mmoja, Ladi Kwali, aliyejifunza ufinyanzi wa mkono kijijini kwao tangu utotoni. Katika miaka ya 1950 aliingia katika kituo cha mafunzo cha Abuja kilichoanzishwa na mfinyanzi wa Kiingereza Michael Cardew, akajifunza gurudumu na ule mpako unaogeuka kioo motoni, lakini mitungi yake mikubwa aliendelea kuifinyanga kwa mkono kama alivyofunzwa kwao. Mitungi hiyo ilioneshwa Ulaya na Marekani, na leo picha yake imo katika noti ya naira 20 ya nchi yake. Tunaona hapo fundisho: elimu mpya ilikuja ikakaa juu ya ile ya zamani bila ya kuifukuza. Nasi binti yetu amefundishwa kwanza mkono. Gurudumu la kupiga teke, lenye jiwe zito la saruji chini na beringi mbili za gari kuukuu, tulilitengenezewa na fundi chuma wa mtaani mwaka wa pili, baada ya mikono kujua inatafuta nini.

Sasa tufike kwenye moto, ambao ndio hakimu wa kazi yote. Chungu kilichokaushwa juani tu bado ni tope. Kitie majini kitayeyuka. Maji yaliyofungamana na udongo wenyewe huutoka kwenye joto la baina ya digrii 450 na 600 hivi, na baada ya hapo udongo haurudi kuwa tope milele. Moto wa wazi wa kienyeji hufika baina ya digrii 600 na 900, nao watosha kwa chungu, mtungi na chetezo. Vyombo vyenye mpako wa kioo vya kulia chakula huhitaji digrii 1,000 na zaidi, na vile vigumu kama jiwe hutaka 1,200 hadi 1,300; hivyo havipatikani bila ya joko la matofali au la umeme. Anayeanza asikimbilie huko. Aanze na moto anaouweza.

Hatari kubwa ya moto wa wazi ni haraka. Chombo chenye unyevu kikifika digrii 100, maji huwa mvuke, na mvuke uliokosa njia hupasua. Kwa hiyo vyombo vyetu huota kwanza kandokando ya moto mdogo tangu alfajiri mpaka viwe vya moto kushikika kwa shida, ndipo vinapopangwa na kufunikwa. Kuni zetu ni makumbi, vifuu na makuti makavu, vitu ambavyo visiwa hivi vinavyo kila pembe. Mikoko hatuigusi, kwani sheria imeilinda, na pwani isiyo na mikoko huliwa na bahari. Aidha tunachoma siku isiyo na upepo na baada ya kuwaarifu majirani, ili nguo zao zisianikwe kwenye moshi wetu. Jirani akiudhika, kiwanda cha uani hakidumu.

Joko la umeme ni zuri, safi, na joto lake hupimika. Lakini mwananchi apige hesabu kabla ya kununua. Umeme wetu hutoka bara kwa waya wa chini ya bahari. Waya wa kwanza ulifika Unguja mwaka 1980, na Pemba iliunganishwa mwaka 2010. Sote tunakumbuka giza la mwaka 2008, na lile la Disemba 2009 hadi Machi 2010, ambapo Unguja ilikaa karibu miezi mitatu bila ya umeme. Waya mpya wa mwaka 2013 umeleta nafuu kubwa, lakini joko likizimika katikati huharibu kazi ya wiki tatu. Kwa maoni yetu, joko la umeme lifaalo ni la ushirika: kaya kumi zifinyange kila mmoja uani kwake, zichomee pamoja.

Tuliahidi kuieleza sababu ya sakafu ya saruji. Vumbi la udongo mkavu lina silika, na silika ikivutwa mapafuni miaka kwa miaka huyakakamaza, na maradhi hayo hayana tiba. Kwa hiyo banda halifagiliwi kwa ufagio mkavu. Huoshwa kwa maji au hupanguswa kwa kitambaa kibichi. Watoto wadogo wasilale wala kula humo. Jambo la pili ni sumu ya risasi. Baadhi ya mipako ya kung'arisha vyombo ina madini ya risasi, na madini hayo huingia katika chakula, hasa chenye ndimu, ukwaju au siki, nasi watu wa pwani hatuli bila ya hivyo. Anayenunua mpako na adai usio na risasi, au asitie mpako kabisa. Chungu kilichosuguliwa kwa kokoto kina uzuri wake, na hakijamdhuru mtu.

Je, soko lipo? Lipo, kwa anayejua kuchagua. Tumeona kwamba kushindana na sahani ya bei nafuu kutoka viwanda vya ng'ambo ni kujipiga mweleka. Lakini chetezo kizuri hununuliwa kila harusi. Mtungi unapoza maji bila ya umeme, kwani maji hupenya polepole kwenye ubavu wake, yakakauka kwa upepo na kuondoka na joto. Vyungu vya miche na maua vinatakiwa. Na lipo jiko la mkaa lenye kifuko cha udongo ndani ya bati, lile lililobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuenea kote Afrika ya Mashariki: huhifadhi joto na kupunguza mkaa, na kifuko chake ni kazi ya mfinyanzi. Hoteli zetu nazo zina meza nyingi. Mgeni aliyevuka bahari kuja kula pweza wa nazi hangechukia kumla katika bakuli la udongo wa kisiwa alichokijia.

Tuwageukie sasa ndugu zetu viongozi. Kiwanda chetu kilipoanza kuuza tulikwenda katika ofisi moja kuomba rukhsa, kama inavyompasa mwananchi. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu njema. Aliipekua orodha yake ya kazi, akaona ushoni, useremala, uokaji mikate, utengenezaji wa baiskeli. Ufinyanzi hakuuona. Aliinua kichwa akatushauri, "Mzee, andika mengineyo." Tukaandika. Lakini njiani tulijiuliza: kazi iliyopika chakula cha visiwa hivi kwa zaidi ya miaka elfu moja imekuwaje "mengineyo"? Kisichokuwa na jina katika fomu hakina hesabu, kisicho na hesabu hakina fungu, na kisicho na fungu hufa hali kila mtu anakisifu kwenye hotuba.

Hatuombi makubwa. Kwanza, ufinyanzi uandikwe kwa jina lake katika orodha ya kazi za mikono, ili mfinyanzi ajulikane na apate mkopo kama mshoni. Pili, mashimo ya udongo mzuri yatambuliwe na yahifadhiwe, kwani tukijenga juu yake tutakuwa tumeizika malighafi isiyohitaji fedha za kigeni. Tatu, wazee wanaojua kazi hii waalikwe katika skuli na vyuo vya amali, walipwe posho ya mwalimu, wala wasiitwe siku ya maonesho tu kuwa mapambo. Nne, ofisi zinazoandaa hafla zianze zenyewe kununua vyombo vya wananchi. Sisi tulio katika uongozi wa ngazi za chini hatuna budi kuanza nyumbani kwetu, maana mtu hawezi kuhubiri kujitegemea huku ua wake mwenyewe umejaa nyasi.

Shangazi yetu hawezi tena kuinama. Kila asubuhi huwekewa kiti bandani, akashika fimbo yake, akamwelekeza mjukuu wake pahala penye ubavu mzito na pahala penye mwembamba. Anapopaonesha huwa hakosei, nasi tumeshaacha kumbishia. Binti anaye mwanafunzi wake sasa, mtoto wa jirani. Ni watu watatu katika ua mmoja, na tunajua vilevile kwamba wako wazee katika vijiji vyengine wanaokaa barazani peke yao na elimu kama ile, hapana anayewauliza. Udongo upate uli maji. Ukishakauka, hata bingwa hana la kuufanya.